Chapa ya mnyama, chanjo na siasa za madhabahuni: nani anayelisha uvumi kanisani?

Mleta uzi

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kila mjadala wa uvumi makanisani ukianza, lawama ya kwanza ni kwamba waumini hawajasoma. Siikubali. Kwenye grupu letu la WhatsApp la usharika, klipu ya kwanza iliyodai chanjo ya corona ina chipu ililetwa na mwalimu wa sekondari, ikaungwa mkono na mhasibu. Wote wawili wanasoma Biblia kila siku na hawana tabia ya uongo. Kwa miaka hii niliyokaa baraza la wazee nimeona kwamba uvumi wa namna hii unalishwa na watu wa aina mbili: serikali inayoficha taarifa, na mtumishi asiyetaka kuulizwa. Palipo na mmoja wao, uvumi unaota. Palipo na wote wawili, unakuwa ndiyo mafundisho.

Tuangalie yetu sisi Watanzania, kabla ya kuwanyooshea wengine kidole. Aprili 2020 tulikuwa na siku tatu za maombi ya kitaifa, kuanzia tarehe 17 hadi 19. Niliomba, na nisingeacha kuomba tena. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, akaeleza jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara kwa majina ya watu na nyingine zikarudi na majibu ya corona. Takwimu za taifa zikakoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Juni tukatangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa nguvu za Mungu.

Sasa jiweke mahali pa muumini wa kawaida miezi iliyofuata. Anazika. Anazika tena. Kwenye matangazo ya msiba anasikia "changamoto ya upumuaji" au "nimonia". Daktari anamnong'oneza, mwenyekiti wa mtaa anamwambia asizue taharuki, na mchungaji anasema tusikiri udhaifu. Mtu huyu anajua kwa macho yake kwamba kuna kitu hakisemwi. Siku akipata klipu inayosema "kuna kitu wanakuficha", klipu hiyo inaanza na jambo la kweli. Haya ya chipu na kupunguza idadi ya Waafrika yanapita baadaye kwenye mlango ambao tayari uko wazi.

Kuna viongozi wa dini waliokataa kunyamaza wakati ule, na wanastahili kutajwa. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, lilitoa waraka uliokumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa na kwamba wimbi jipya limeingia. Machi mwaka huo Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa TEC, akasema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili kanisa lilipoteza mapadre zaidi ya 25 na masista 60 waliopata matatizo ya kupumua. Kwa mazingira ya wakati ule, kusema namba hadharani lilikuwa jambo zito sana. Mimi si Mkatoliki, lakini baada ya ile kauli watu wa kwetu walianza kunawa mikono na kuacha kubanana kwenye mabenchi. Hakuna aliyewatishia. Waliambiwa ukweli na mtu wanayemheshimu, basi.

Halafu tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, na dozi zaidi ya milioni moja za Janssen zikaanza kutumika. Askofu Josephat Gwajima, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, akasimama madhabahuni kuwaambia waumini wake wasichanjwe. Serikali ilijibuje? Waziri wa Afya akaagiza ahojiwe na vyombo vya dola, Kamati ya Maadili ya Bunge ikamwita, na mwisho wa Agosti akazuiwa kuhudhuria mikutano miwili ya Bunge. Mimi sikubaliani na mahubiri yale hata kidogo. Lakini kwa aliyeyaamini, adhabu ilikuwa ushahidi kwamba askofu kagusa penyewe. Na swali kubwa zaidi halikujibiwa na mtu: miezi sita tu nyuma, Januari 2021, serikali ya chama hicho hicho ilitufundisha kuzitilia shaka chanjo za mabeberu, leo mwenye shaka ni mpotoshaji. Muumini amwamini nani, serikali ya Januari au ya Julai?

Karibuni, ila tujadili bila matusi kwa dhehebu la mtu.

Jibu la 1

Mzee, nakuheshimu, lakini unapita kwenye njia hatari. Ufunuo 13 haikuandikwa WhatsApp. Inasema wazi wote, wadogo kwa wakubwa, watatiwa chapa mkono wa kuume au kwenye vipaji vya nyuso, na asiye nayo hataweza kununua wala kuuza. Kwenye corona tuliona nchi ambazo usipochanjwa huingii hotelini wala kazini. Unataka tufumbe macho?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hapana, usifumbe macho. Isome yote, na usiishie mstari wa 18. Endelea hadi 14:9. Anayehukumiwa pale ni yule amsujuduye mnyama na sanamu yake, na kuipokea chapa. Chapa inakwenda pamoja na ibada. Yohana aliyaandikia makanisa saba ya Asia chini ya utawala wa Rumi, mahali ambapo kumfukizia Kaisari uvumba lilikuwa jambo la kila siku, na Mkristo aliyekataa aliumia kiuchumi. Hao wasomaji wa kwanza walielewa wanaambiwa nini. Huwezi kumkana Kristo kwa bahati mbaya, umekaa kwenye benchi la zahanati, kwa sindano ambayo hukujua ndani yake kuna nini. Imani gani hiyo ambayo wokovu wake unaibwa na nesi?

Halafu angalia historia. Mistari ya bei kwenye bidhaa za dukani ilipoenea Marekani, wahubiri wa kule wakasema ndiyo 666. Zikaja kadi za benki, ndiyo hiyo. Zikaja chipu, ndiyo hiyo. Kwetu laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, kuelekea ile tarehe ya mwisho ya Januari 2020, nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja akisema yeye haweki kidole. Kila mara aliyekosea tarehe hakurudi madhabahuni kusema nilikosea. Alibadilisha kifaa tu. Wengi wa hawa wahubiri wetu wanafasiri klipu zinazotoka Marekani, kwenye ugomvi wa kisiasa wa Wamarekani wenyewe, na kutuletea kama ufunuo uliowashukia usiku.

Lakini umesema jambo moja la maana: kumzuia mtu kazi kwa sababu hakuchanjwa ni swali halali la haki. Liulize hivyo, kama swali la haki. Ukilivika pembe za mnyama hakuna tena wa kukujibu.

Jibu la 2

Mimi ni wa Kilifi, Kenya. Niruhusuni niseme kuhusu Shakahola maana wengi huko Bara na Tanzania mnaijua kwa picha za makaburi tu.

Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa, hakuanza na njaa. Alifungua Good News International Church hapa Malindi mwaka 2003. Kwanza tulisikia elimu ya shule ni ya shetani, na mwaka 2017 alikamatwa kwa ajili ya watoto waliotolewa shule. Kisha hospitali na dawa zikawa dhambi. Mwaka 2019 serikali ilipoleta usajili wa kitaifa wa watu, Huduma Namba, akahubiri kwamba ndiyo namba ya mnyama, akakamatwa tena na kuachiliwa. Mwaka huo huo akafunga kanisa, na watu wakaanza kumfuata kwenye msitu wa Shakahola. Aprili 2023 miili ikaanza kufukuliwa. Imepita 400, na wamo watoto wengi. Yeye amekana mashtaka, na sitaki kuisemea mahakama.

Ninachotaka mkione ni mpangilio. Shule ikiondoka, mwalimu hamwoni mtoto. Hospitali ikiondoka, daktari hamwoni mgonjwa. Usajili ukiondoka, chifu hajui mko wangapi. Kila fundisho lilimwondoa shahidi mmoja. Mwisho wake familia ilibaki na mtu mmoja tu wa kuwaambia nini ni kweli. Sisi majirani tuliyaona yakienda moja moja, na kila moja lilionekana ni msimamo wa dini tu, haki yao. Na mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, hapa hapa Kilifi. Kwa hiyo asiniambie mtu yamekwisha.

Mleta uzi

Pole sana ndugu wa Kilifi. Hiyo ya shahidi mmoja mmoja nimeiandika kwenye daftari, nitaipeleka kwenye baraza letu.

Niongeze kitu kuhusu Huduma Namba, maana kinanisaidia kwenye hoja yangu. Wapo Wakenya waliokuwa na hofu na usajili ule bila kumtaja mnyama. Shirika la Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda Mahakama Kuu, wakauliza taarifa zetu zitalindwaje, wasio na vitambulisho itakuwaje. Januari 2020 mahakama ikasema usajili usiendelee bila sheria madhubuti, na Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kufuata sheria ya ulinzi wa taarifa. Hofu ni ile ile, serikali ni ile ile. Waliokwenda na ushahidi walipata majibu yaliyomlinda kila mtu, hata asiye Mkristo.

Jibu la 3

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Naomba niwape la huku kwetu. Aprili 2024 chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, tulianza kuitoa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayowatesa wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine, na wengi wanafika hospitali wamechelewa. Kila tukienda shuleni kuna wazazi wanaandika barua kukataa, na sababu ni moja: "inafunga kizazi, maaskofu wa Kenya walishathibitisha." Mleta uzi, hili la Kenya lilikuwaje hasa? Nahitaji kulieleza bila kumtukana mtu imani yake.

Mleta uzi

Dada, nimelifuatilia kwa muda mrefu. Hili linahitaji uvumilivu kwa sababu ndani yake kuna watu waaminifu.

Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya, pamoja na chama cha madaktari Wakatoliki wa huko, walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, siyo ya HPV, iliyoungwa mkono na WHO na UNICEF. Waliuliza: kwa nini wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu, na siyo wanaume? Hilo lilikuwa na jibu. Lengo lilikuwa pepopunda ya watoto wachanga, inayoingia kupitia kitovu, na mama akichanjwa kinga yake humfikia mtoto tumboni. Wakasema pia sampuli zilipimwa zikakutwa na homoni ya ujauzito, hCG, na kwamba chanjo ingewafanya wanawake waharibu mimba.

Hiyo hCG haikutoka hewani. Watafiti wa India, wakiongozwa na Talwar, kweli walifanyia majaribio chanjo ya uzazi wa mpango iliyounganisha hCG na sehemu ya pepopunda kama kibebeo. Waliyachapisha wazi kwenye majarida ya kisayansi. Ni chanjo nyingine kabisa, haikuwa ile ya kampeni. Lakini miaka ya 1990 habari hizo zilichanganywa, zikazua hofu Ufilipino na Mexico, kisha miaka 20 baadaye zikatua Kenya. Na vipimo vilivyotumika kwenye sampuli vilitengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Ukiweka ndani yake dawa yenye vihifadhi, majibu hayaaminiki.

Mwaka 2017, katika joto la uchaguzi, Raila Odinga akalisema tena hadharani kama jambo lililothibitika. Mwanasiasa hakulibuni, alilikuta kanisani likiwa na moto akaliwasha upya.

Corona ilipokuja, Dkt. Stephen Karanja, mwenyekiti wa kile chama cha madaktari, alipinga chanjo na kupendekeza kujifukiza. Safari hii maaskofu hawakumfuata, walitamka kwamba chanjo inakubalika. Alifariki kwa corona Aprili 2021. Silisemi hilo kwa kumsimanga marehemu, alitibu maskini wengi na aliamini alichosema. Nalisema kwa sababu ndani ya miaka saba maaskofu wale wale walionyesha kwamba kanisa linaweza kusikiliza upya.

Mzazi akikuambia Wazungu hawaaminiki, usimpinge moja kwa moja. Kano, Nigeria, mwaka 1996, Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kukawa na vifo na kesi za miaka mingi. Ni kweli tupu. Mkubalie hilo kwanza, kisha mwonyeshe tofauti kati ya jaribio lile na chanjo ya aina ambayo hata binti za Ulaya na Marekani wanapewa.

Jibu la 4

Yote haya yanatokana na siasa kuingia kanisani. Dawa ni moja, kanisa lihubiri wokovu, siasa ibaki Dodoma. Maaskofu walivyotoa tamko la bandari ndiyo waliharibu kabisa.

Mleta uzi

Hapa tunatofautiana, na ni jambo ninalolijali sana. Tamko la TEC la tarehe 18 Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari na Dubai lilikuwa siasa, ndiyo. Lakini lilikuwa limeandikwa, lina sahihi za maaskofu, linataja vifungu vya mkataba ambao Bunge lilishauridhia Juni. Ungeweza kulichukua, ukaweka mkataba pembeni, ukasema kifungu fulani mmekielewa vibaya. Na watu walifanya hivyo, nchi nzima ilibishana kwa hoja. Uvumi hauna sahihi. Ulikuwepo pia kipindi kile kile: sauti za WhatsApp zilizogeuza suala la mkataba kuwa mpango wa Waislamu na Waarabu dhidi ya Wakristo. Hizo zilipita kwenye magrupu ya kwaya na hakuna aliyejua nani kazianzisha. Ukilifungia kanisa mdomo kwenye siasa za wazi, hizo sauti ndizo zitakazobaki.

Siasa inayoharibu ni ile ya bahasha. Mwanasiasa anakuja na mchango wa paa, anapewa kipaza sauti, anasema anachotaka kuhusu wapinzani wake, na waumini wanasema amina kwa sababu kasimama mahali pa Neno. Wakenya wamelishughulikia kuliko sisi. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuzungumza mimbarini, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa mamilioni ya Rais Ruto kwa parokia moja ya Soweto jijini humo, akaagiza yarudishwe. Kwetu nani ameshawahi kurudisha bahasha?

Jibu la 5

Mimi nasali kanisa la kiroho. Kwetu ukiuliza unaambiwa "msiwaguse masihi wangu", na ukiendelea unaambiwa una roho ya uasi. Mtumishi alihubiri juu ya Freemason kipindi kile mwigizaji Kanumba amefariki, 2012, akataja wasanii na wafanyabiashara kwa majina. Hakuna aliyehoji. Nilikuwa na maswali nikayameza.

Mleta uzi

Nakikumbuka kipindi hicho. Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa Freemason Afrika Mashariki, alikuwa anajitokeza kwenye vyombo vya habari kueleza wao ni kina nani, na jengo lao liko Sokoine Drive, Dar es Salaam, watu wanapita nje kila siku. Hakuna aliyehitaji kukubaliana nao kidini ili kusema kwamba kumtaja jirani kuwa ametoa kafara, bila shahidi hata mmoja, ni kumshuhudia uongo. Amri hiyo haina msamaha kwa wenye upako.

Na kuhusu masihi wa Bwana: Daudi ndiye aliyelishika neno hilo kuliko wote. Soma 1 Samweli 24. Alikataa kumgusa Sauli pangoni, kisha akatoka nje, akamwita kwa sauti, akamwambia amekosea, na mkononi ameshika kipande cha vazi kama ushahidi. Kutomgusa hakukuwa kunyamaza. Waberoya nao walimsikia Paulo mwenyewe, mtume, wakaenda kuchunguza kila siku kama ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana. Wewe huna roho ya uasi. Swali lako liandike, mpelekee mtumishi faraghani kwanza, na ukiona halipokelewi, tafuta mahali linapopokelewa.

Jibu la 6

Sawa mzee, usharika wenu mmefanya nini kwa vitendo? Na yule mwalimu wa sekondari je?

Mleta uzi

Tumefanya machache. Kwenye grupu, anayeleta klipu anataja imetoka wapi na lini, la sivyo msimamizi anaifuta bila kumkaripia. Tulimwalika mganga mkuu wa wilaya baada ya ibada, maswali yakaandikwa kwenye karatasi bila majina, na mchungaji akayasoma yote, hata ya chipu na ya 666, bila kucheka. Mganga alipofika kwenye swali la nani analipa fidia mtu akidhurika na chanjo, alisema hana jibu la uhakika. Nilidhani kikao kimeharibika. Kumbe ndipo watu walipoanza kumsikiliza. Waliohama kwa kuona tumelegea wapo pia, familia kadhaa, na inaniuma kwa sababu mmoja wao nilisimamia kipaimara chake.

Mwalimu bado hakubaliani nami kuhusu chanjo. Tunasoma naye Isaya sura ya 8 sasa hivi, kwenye jumuiya. Mstari wa 12 Mungu anamkataza nabii kuita fitina kila ambacho watu wanakiita fitina, na kuogopa wanachokiogopa. Yeye anasema andiko hilo linanipinga mimi, kwa sababu Yuda kweli ilikuwa na maadui waliokuwa wakipanga njama, wafalme wawili, sura ya 7. Ana hoja. Alhamisi tunaendelea.

Jibu la 7

Wazee, kuna mgombea ameomba kuja kwenye harambee ya kwaya yetu na kutoa salamu. Mchungaji kashamkubalia. Tufanyeje?

Mleta uzi

Aje, akae benchi kama wengine, atoe sadaka yake kwenye kapu. Salamu zake aziseme nje, baada ya baraka, na mmuombe akubali maswali. Mwambieni leo, siku moja kabla itakuwa aibu kwake na kwenu. Barua iandikwe na baraza la wazee, asiachwe mchungaji peke yake kumkatalia.